Furushi la Kufia

Kalenovo, 12 Mei 2011

Mdogo wangu Zlatina,

Usishtuke kupata barua wakati simu ipo. Simu iko chumbani kwa Mama, na kilichomfia Mama ni nyonga tu, masikio bado ya msichana. Ndiyo maana nimejifungia chooni kuandika haya, na nitamkabidhi Radko, dereva wa basi la Uhispania, mkononi, pamoja na mitungi miwili ya pilipili za kuoka. Ukijibu, mpe Radko huyo huyo. Ukipiga simu, tuzungumze habari za mvua.

Nianze na jema. Mifuko yetu ya Pasaka imeisha yote, na yule mama mwenye duka Plovdiv anataka mingine. Ulituona mwenyewe: wanawake kumi na mmoja, cherehani sita, na jumba la kusomea la mji limejaa matambara hadi kwenye madirisha. Majora ya kiwanda waliyotaka kuyachoma, mapazia ya sinema, mablanketi ya bweni la wafumaji. Ndani ya kila mfuko bado tunashona utepe unaosema kitambaa kilikuwa nini. "Pazia la sinema, safu ya mbele." "Suruali ya kazi ya Tsanko, fundi bomba." Mume wangu anasema sasa suruali yake inatembea mjini Sofia begani kwa wanawake wazuri na yeye kabaki hapa na mimi. Penka, mkasi mkononi, akamjibu, "Suruali yako ina bahati, haikoromi." Wenye duka wanasema watu huusoma utepe kwanza, ndipo wanauliza mfuko. Hata magunia mawili uliyotuletea Juma Kuu, ulipokuwa unapangua nyumba, tumeyamaliza.

Sasa la Mama. Daktari wa Plovdiv ametoa tarehe, Jumatatu ya tarehe 20 Juni. Atamwekea nyonga ya chuma. Akiikosa siku hiyo, foleni inamrudisha hadi mwakani, na daktari amenivuta pembeni akaniambia mwakani hatakuwa na cha kushikiza chuma, mfupa unasagika. Ni sasa, au ni kitanda mpaka mwisho. Mama alikubali, akatania hata: "Nitakuwa na thamani kwa wanunuzi wa vyuma chakavu."

Halafu ikaja Sikukuu ya Mtakatifu Georgi. Tangu uondoke, siku hiyo huanika juani furushi lake la kufia, nguo za kuzikwa nazo, likiwa limefungwa vilevile. Alijikokota hadi kwenye kasha, akapekua. Halipo. Akapekua tena akitoa kitu kimoja kimoja kitandani. Nilimkuta amekaa sakafuni, Zlatina, na hakuweza kuinuka, na wala hakuniita.

"Siendi Plovdiv," akasema. "Nikalazwe kwenye meza ya kisu bila nguo zangu? Nikifia kule mtanivika nini? Lile gauni la hospitali lenye matako wazi?"

Nimembembeleza, nimemkaripia, padri amekuja kumsemesha. Hasikii. Furushi kwanza, daktari baadaye. Ni la kitambaa cheupe, limefungwa kamba ya buluu. Wewe ndiye wa mwisho kulifungua kasha. Umelihamisha? Tafadhali niambie umelihamishia mahali.

Dada yako,
Velika


Zaragosa, 21 Mei 2011

Dada Velika,

Pilipili zimefika, mtungi mmoja nimeumaliza nimesimama, hata mkate sikutafuta. Mzee Fermín ninayemtunza aliomba kuonja, akalia machozi, akaomba tena.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Dada, naomba usinipigie kelele mpaka mwisho wa ukurasa.

Nililiona hilo furushi. Ilikuwa Jumatano ya Juma Kuu. Nondo walikuwa wameingia kwenye kasha, nikasema nitatoa kila kitu, na nilimwuliza Mama kila kitu, Mungu shahidi. "Shuka hizi?" Toa. "Koti la Baba?" Acha. Penka alikuwa amekuja kunywa kahawa, akaona kifungo cha sweta ya Mama kinaning'inia, akawa anakishona humo humo mwilini, na Mama ameuma uzi mdomoni kama desturi, asije akashonwa akili. Nikanyanyua lile furushi jeupe nikamwuliza, "Na hili, niwape wa mifuko?" Akaitikia kwa kichwa. Basi nikalifungua, nikalikung'uta kama lina nondo, nikaliingiza guniani. Shati refu la kitani, aproni ya mistari, soksi, kilemba. Nilidhani ni nguo zake za kuchezea ngoma enzi za kiwanda. Mshumaa haukuwamo, wala sarafu, wala sabuni, kama mafurushi ya kufia ya wengine. Ningejuaje?

Wewe unaishi na vitu hivyo kila siku. Mimi nikifungua lile kasha napigwa na harufu ya majani ya mjozi na naftalini, napoteza akili. Nakuwa na miaka saba. Unakumbuka tulivyokuwa tukijua siku za wiki kwa rangi ya mto, kiwanda kilipomwaga maji ya rangi? Jumatatu buluu, ya ovaroli. Jumatano nyekundu, ya bendera, na bata wa Bi Minka wanarudi nyumbani wamegeuka waridi. Na Mama anatoka zamu ya asubuhi na nyuzi zimemganda nyweleni, tunamchambua kama kuku. Juma Kuu nilikuwa mle chumbani nikigawa vitambaa na nilikuwa na furaha ambayo sijaipata huku kwa miaka kumi na miwili. Nilijiona bado wa nyumbani.

Mwambie nondo wamelila. Mwambie ni mimi niliyeacha kasha wazi. Tumshonee jingine haraka, jeupe, na kamba ya buluu, hatalifungua kabla ya tarehe 20. Na mkanganyiko wa kichwa chake mimi siuelewi. Alikubali, Dada. Nilimwona kwa macho yangu.

Mdogo wako,
Zlatina


Kalenovo, 28 Mei 2011

Zlatina,

Nimefika mwisho wa ukurasa, sasa napiga kelele.

Kichwa chake kilikwendaje? Kiliyumba kushoto na kulia, au kilipanda juu?

Sikungoja jibu lako, nimemwuliza mwenyewe kwa ujanja. Nikamwambia, "Mama, labda Zlatina alikuuliza habari za furushi ukasahau." Akapaza sauti hadi Tsanko akatoka bafuni na povu usoni. "Aliniuliza! Nikamwambia hapana! Nikampandishia kichwa hivi! Nilikuwa na uzi mdomoni, nifanyeje? Niuteme Penka anishone akili? Nani huongea huku anashonwa?"

Kilipanda juu, Zlatina. Kwetu kichwa kikipanda ni hapana, kikiyumba ni ndiyo, tangu babu wa babu zetu. Mtoto wa chekechea analijua hilo. Mbuzi wa Bi Minka analijua. Ulikwenda Uhispania kuwafuta wazee, kumbe wamekufuta wewe kichwa.

La kumdanganya na furushi la uongo tulifute. Analifungua kila jioni hata lisipokuwepo, analifungua hewani kwa vidole. Na angejua. Aproni ile aliifuma mwenyewe akiwa na miaka kumi na tisa, majira mazima ya baridi, kwenye mtambo ule ulioko darini.

Umewahi kumsikia akieleza kwa nini aproni? Mimi nina miaka hamsini na nimesikia juzi tu. Kumbe Baba alikuwa haoni mbali toka ujana, na miwani hakuivaa kwenye ngoma kwa kuona haya. Alipokuja kucheza duara uwanjani kwao Mama, wasichana wote walikuwa ukungu mtupu. Alichokiona ni mistari myekundu na myeusi inayoruka. Akamwambia rafiki yake, "Yule wa mistari." Jumapili sita alikuja akaifuata mistari, na Mama hakubadilisha aproni hata Jumapili moja, akiogopa atampotea. "Sura yangu," anasema Mama, "aliifahamu vizuri baada ya harusi." Sasa sikia hili. Tulipomzika Baba tulisahau miwani yake kwenye droo. Kwa miaka thelathini Mama anaiwaza hiyo droo. "Nikifika kule na nguo ya dukani," akaniambia, "atanipita kama nguzo ya umeme."

Nilikwenda jikoni nikamenya viazi ambavyo havikuhitajika.

Mifuko ilitoka miwili. Aproni ikawa uso wa yote miwili, shati likawa bitana. Mmoja aliununua mke wa padri. Wa pili ulikwenda Plovdiv dukani. Nimepiga simu, wameuuza Aprili kwa mgeni aliyekuwa anapita, hata jina hakuacha. Penka ndiye aliyekata, ila usimlaumu, yeye hukata chochote kinacholala mezani. Angelala Tsanko, angemkata.

Kwa Mama sijasema kitu. Anaamini liko mahali, limepotea tu. Zimebaki siku ishirini na tatu.

Velika


Zaragosa, 6 Juni 2011

Dada,

Nimekukosea, nimemkosea Mama, na sina pa kuificha aibu yangu. Ngoja nikueleze ilivyokuwa, si kwa kujitetea.

Wiki ya kwanza huku nilikaribia kufa njaa. Binti wa mzee Fermín akiniuliza kama nitakula, mimi natikisa kichwa kushoto na kulia, ndiyo, tena ndiyo kubwa. Naye anaondoa sahani. Siku tatu. Nikadhani ni watu wachoyo, kumbe wao wanadhani nimefunga kwa ajili ya dini. Ndipo nikaanza kujifunza mbele ya kioo cha bafuni, kila usiku, kama mwanajeshi: juu na chini, ndiyo, kushoto na kulia, hapana. Shingo iliniuma. Nilifurahi sana ilipozoea. Hakuna aliyeniambia kwamba ukikifundisha kichwa jambo jipya, la zamani kinalitupa.

Juma Kuu nilipokuja, wote mlikuwa mnanifuata mkinicheka jinsi ninavyosema "vale, vale", sawa sawa ya Kihispania, kwa kila kitu. Nikawa nacheka nanyi. Ningelia, kama ningejua.

Sasa na mimi nina swali, na naomba lisikuudhi. Juzi nilimpigia Penka nyumbani kwake. Nilitaka kumwomba msamaha kwa kumwingiza katika haya, na kumwuliza kama kuna kipande chochote kilichobaki. Nikamsikia anafunga mlango. Kisha akasema: "Binti, mimi ile aproni sikuikata. Niliitoa guniani, nikasema, wanawake, tazameni rangi hii. Dada yako akaja, akaishika, akasimama nayo muda mrefu. Nikamwambia, 'Velika, hii inafaa makumbusho.' Akachukua mkasi mkubwa na kuipasua katikati. Midomo ameibana hivi. Nilidhani ni baraka ya mama yenu, nikafunga mdomo wangu."

Dada, wewe umekulia chini ya ile aproni kama mimi. Uliitambua. Mimi nilikuwa mjinga, wewe je?

Siulizi ili tugawane makosa kama mkate. Nauliza kwa sababu nimekuwa nikidhani kwa wiki mbili kwamba niko peke yangu katika jambo hili, na nimekuwa sili.

Nimeomba ruhusa kwa binti wa mzee. Amesema atajaribu kupata mtu wa kushika zamu yangu.

Zlatina


Kalenovo, 15 Juni 2011

Mdogo wangu,

Penka hajasema uongo. Hasira hasara, na mimi hasara yangu nimeishona kwa mkono na kuiwekea utepe.

Niliitambua kabla hata haijatoka yote guniani. Unakumbuka harusi yangu, mwaka 1983? Ulikuwa na miaka kumi na minane, ulikuwa unahangaika na viatu. Nilimwomba Mama aproni ile niivae siku ya pili, kwenye ngoma. Sikutaka dhahabu, sikutaka kasha. Baba alikuwa amekufa miaka miwili kabla, nilitaka kitu alichokipenda kiwe pale ninapocheza. Akasema hapana. Hakueleza. Alifunga kasha akageukia sufuria. Nilicheza harusi yangu na aproni ya kuazima kutoka kwa mama mkwe, na watu wakaniambia nimependeza, na nimelikumbuka lile "hapana" kila Jumapili kwa miaka ishirini na minane. Sijawahi kumwambia mtu, wala Tsanko.

Basi nikaikuta guniani kwako. Nikafikiri: mimi ninayemwosha miguu nilinyimwa kwa siku moja, huyu anakuja mara moja kila miaka miwili na sanduku la chokoleti, amepewa, na hata hakuithamini, ameitupa na mapazia. Nikachukua mkasi. Zlatina, ilikatika kwa ubishi, kile kitambaa kilikuwa kigumu kama ngozi, ilibidi nibane kwa mikono miwili. Na nilibana.

Na kwenye utepe, badala ya kuandika kama watu, niliandika: "Aproni niliyonyimwa, 1983." Mifuko yote miwili. Nilijifariji kwamba nani atajua.

Jumapili Mama alitaka kwenda kuwasha mshumaa, labda Bikira ataleta furushi. Tsanko akampeleka kwa gari. Mlangoni mwa kanisa mke wa padri akamwona, akaja mbio na mfuko wake mpya umejaa mayai. "Bi Stoyna, tazama wanawake wenu wanavyofanya kazi nzuri!" Mama akaigusa ile mistari. Tsanko anasema aliipapasa kama kipofu. Kisha mke wa padri, kwa wema wake, akatoa mayai yote akayapanga ukutani ili amwonyeshe utepe.

Mama alisoma. Akamsaidia kurudisha mayai, moja moja. Kisha akarudi garini, hakuingia hata kanisani.

Nilijiandaa kwa kelele. Nilitamani kelele. Nimepiga magoti mbele yake nikamwambia yote, na la mkasi, na la harusi, nikalia kama mtoto aliyevunja chungu. Alinitazama, akanipangusa pua kwa kitambaa chake, akasema, "Supu inaungua." Toka hapo hajanisemesha. Jana nilisikia vishindo darini. Amepanda ngazi, na nyonga ile! Nikakimbia, akanizuia kwa mkono nisipande. Alikuwa anaburuta vitu. Mimi na Tsanko tulisimama chini ya ngazi saa nzima mikono juu, kama watu wanaongoja tufaha lianguke.

Leo asubuhi amenipa bahasha, ameibandika kwa gundi ya ngano nisiifungue. "Ya Radko," akasema. "Ya Zlatina." Ndiyo hiyo iliyo pamoja na barua hii. Sijui kama kesho kutwa atakubali kupanda gari la kwenda kupimwa damu, na Jumatatu ndiyo tarehe yenyewe. Mkoba wa hospitali niliuandaa mwezi mzima uliopita. Umekaa mlangoni, anaupita kando.

Ukisoma aliyoandika, hata kama ni laana, niambie. Nipigie simu, mvua au si mvua.

Velika


Kalenovo, 15 Juni

Zlatina mwanangu,

Naandika mwenyewe kwa sababu mkono haujambo. Naandika polepole. Ukiipata barua hii piga simu umsomee dada yako. Mimi nitakuwepo hapo chumbani, simu iko kwangu. Nitageukia dirishani. Kwa kinywa changu siwezi kumwambia haya, nimejaribu siku tatu, maneno yanatoka ya supu.

Kwanza wewe. Nilikupandishia kichwa ukaona ninakubali. Nimekasirika sana. Kisha nikawaza: mtoto amekaa kwa watu miaka kumi na miwili hadi shingo yake imehama. Mimi ndiye niliyekuambia nenda, kiwanda kimefungwa, utakula nini hapa. Kwa hiyo hayo tumeyamaliza.

Sasa Velika. Msomee taratibu.

Ile aproni niliitia kwenye furushi mwaka aliokufa baba yenu. Nilikuwa na miaka arobaini na minane. Nilitaka kumfuata, basi nikaandaa nguo. Velika alipokuja kuiomba ya harusi, ilikuwa tayari ya kufia. Nguo ya kufia haichezi harusi. Angeivaa, angebeba ujane wangu begani siku ya pili ya ndoa yake. Na bi harusi haambiwi habari za kufa. Ningemwambiaje, mwanangu, mama yako ameshafunga mizigo? Nikasema hapana, nikafunga kasha. Niligeukia sufuria asinione uso. Nilidhani amesahau. Kumbe mimi nimelinda kitambaa kutoka kwa nondo miaka yote, na mtoto wangu analiwa chumba cha pili.

Nilimwona yule mke wa padri na mayai yake. Mwambie Velika mshono ni mzuri. Amenyoosha mistari pembeni, haijapinda. Mimi nilimfundisha hivyo. Mfuko siuchukui, una mayai ya watu ndani, una kazi.

Nilipanda darini kuutazama mtambo wa kufumia. Mbao ni nzima. Kitana kimevunjika meno mawili, Tsanko ataniwekea. Nimeshusha nilichoweza. Kuna tatizo moja. Mtambo una makanyagio mawili, unataka miguu miwili. Nimekaa nikajaribu, mguu wa kushoto haushuki. Kwa hiyo Jumatatu naenda Plovdiv aniwekee hicho chuma. Nimeshamwambia Tsanko ajaze gari mafuta. Velika sijamwambia, utamwambia wewe.

Nitafuma mbili. Ya kwanza ni ya Velika, ya ngoma ya siku ya pili, hata kama Tsanko sasa ana tumbo la kumzuia kuruka. Ya pili ndiyo yangu. Kila moja ni majira mazima ya baridi, na siku hizi mimi si mwepesi, tuseme mawili. Jumla manne. Ukija lete sufu nyekundu, ya huko wanasema haichuji.

Baba yenu amengoja miaka thelathini bila miwani. Atangoja. Mwambie dada yako aache kulia, na mwambie daktari afanye kazi yake vizuri. Siwezi kufa sasa. Sina cha kuvaa.

Mama yenu,
Stoyna